Kipa, Mama, Siyo Kipaimara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika hivyo ingawa najua marahaba yako haitafika. Mkono umezoea. Kila nilipokupigia simu nilianza na shikamoo, na wewe uliitika marahaba mara nyingi mfululizo, maana uliamini simu inakula maneno, bora yatumwe mengi ili moja lifike.

Naandika nikiwa hapa Chang'ombe, karatasi nimeiweka juu ya ndoo ya unga. Maandazi ya asubuhi yamekwisha na mwanangu Baraka amelala. Barua naiacha wazi, atakayeisoma aisome. Wewe mwenyewe hukuwa mtu wa siri. Ulikuwa ukinong'ona kanisani, mabenchi ya mbele yanageuka.

Nataka kukueleza habari za ile nguo nyeupe. Nimekaa nayo moyoni tangu mwezi wa sita na sina mwingine wa kumweleza akaelewa. Ila kwanza niianzie mbali kidogo, kwa sababu bila kicheko kile cha mwanzo haieleweki.

Unakumbuka mwaka jana, shule zilipofunguliwa mwezi wa saba? Golikipa wa timu ya wasichana shuleni kwa kina Neema alihamia Singida na wazazi wake. Mwalimu wa michezo akawapanga wasichana uwanjani, akawa anawarushia mpira mmoja mmoja. Wote wakaukwepa. Neema akaudaka. Basi, kazi akawa amepata. Alirudi nyumbani magoti yamechubuka, anacheka, ananiambia, "Mama, mpigie bibi, mwambie mimi ndiye kipa."

Nikakupigia. Ulikuwa umepanda kwenye kile kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee panaposhika mtandao, na upepo ulikuwa unavuma mpaka sikioni kwangu.

"Mama, Neema kachaguliwa kipa!"

"Kachaguliwa nini?"

"Kipa, mama! Ki-pa!"

Ukapiga vigelegele. Nikashangaa, kumbe mama naye anapenda mpira. Nikataka kuongeza neno, simu ikakatika.

Ningejuaje, mama? Maisha yako yote neno linaloanza hivyo lilikuwa moja tu, kipaimara. Mtandao ulileta nusu, nusu nyingine ukaimalizia mwenyewe.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nikakuona unashuka kwenye basi la Mvumi, umevaa kitenge chako cha Krismasi. Mkono mmoja umeshika jogoo aliyefungwa miguu, mwingine una mfuko wa mlenda mkavu na karanga. Mgongoni begi. Hujakaa hata kwenye kigoda ukauliza, "Askofu keshafika?"

"Askofu gani, mama?"

"Wa kumwekea mtoto mikono. Au mnaye mwingine huku mjini?"

Nilicheka kabla sijaelewa. Halafu ukafungua begi ukatoa ile nguo, nyeupe kabisa, mikono imetuna, utepe kiunoni. Nikaacha kucheka. Ukaniambia umekwisha kumtangaza Neema kanisani, na watu wote walisimama wakamwombea.

"Mama," nikasema taratibu, "ni kipa. Siyo kipaimara. Kipa ni yule anayekaa golini, anadaka mpira usiingie."

Ukamtazama jogoo.

"Na huyu je?" ukauliza. "Huyu naye nimemwambia anakwenda kwenye kipaimara."

Mama Zuhura, jirani yangu wa Kondoa, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa michongoma. Kamba ilimtoka mkononi kwa kucheka. "Wagogo jamani! Mtoto anadaka mpira, ninyi mnaleta askofu!"

"Nyamaza wewe Mrangi. Jogoo huyu hutamwonja."

"Nitamwonja, na kumchinja nitamchinjisha kwa mume wangu, ili nile kwa raha zangu."

Na kweli alikula. Paja ulimpa wewe mwenyewe.

Jioni ile Neema alikuwa na mechi, ukasema kitenge hukukivaa bure, twende huko huko kwenye hiyo kipa. Ulipofika uwanjani ukasalimia Kigogo kwa sauti, "Mbukwenyi!" Watoto wa mjini wakatazamana, wakaitika, "Shikamoo, bibi!" Nikakuchagulia jiwe zuri la kukalia. Refa alipopuliza filimbi ukaninong'oneza, kwa mnong'ono wako ule unaosikika mpaka kona ya pili, "Ndiye askofu wenu huyo?"

Kitu kimoja kilikukera. Wenzake walikuwa wanakimbia, Neema kasimama peke yake kule mwisho. "Mbona wamemtenga mjukuu wangu? Wamemnyima mpira?" Nikakueleza tena. Ukatazama kwa muda mrefu, mkono kidevuni, mpaka mpira ulipomwendea na akaurukia. Hapo ukapiga paja.

"Kumbe anaamia!"

Nikaona kweli. Nilipokuwa mdogo nilisimama hivyo hivyo kwenye shamba lako la mtama, naamia ndege, napiga makofi na kupiga kelele wasitue kwenye masuke. Ukamwita Neema wakati wa mapumziko ukamwonyesha namna ya kufukuza ndege, makofi mawili makubwa na ile sauti yako ya "Hooo-ya!" Mpaka mwalimu akageuka.

Kipindi cha pili Neema akadaka mpira mgumu sana. Mama Zuhura, ambaye alikuwa ametufuata akidai anakuja kumwona askofu, akaruka juu, "Kipa imara! Kipa imara!" Watoto wote wakadakia. Uwanja mzima ukawa unaimba hivyo.

Wewe ukanigeukia, uso unang'aa. "Unasikia? Si nilisema mimi? Kipaimara."

Usiku tulimvalisha Neema ile nguo, akapotea ndani yake. Mabega yalianguka, mikono ilifunika vidole, pindo likafagia sakafu. Nikasema nitaipeleka kwa fundi aipunguze. Ukaninyang'anya. "Usikate. Nguo haina miguu. Itamngoja hapo hapo."

Tukaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Mambo yaliyofuata mengine unayajua. Baba Neema alipata kazi ya kujenga nyumba za walimu huko Mtera, akawa anarudi mwisho wa mwezi, mwili umejaa saruji na mfuko una samaki. Baraka akaanza chekechea, asubuhi analia kwa kupelekwa, mchana analia kwa kurudishwa. Mimi nikaongeza uji kwenye biashara ya maandazi, na sasa mafundi wa barabarani wananijua.

Halafu mvua za Januari, na simu kwamba huwezi kuinuka. Nilipofika ulikuwa umelala unatazama ukutani. Nilikushika mkono, ukanitambua. Hukuuliza habari za watoto wala za baba yao. Uliuliza, "Ile nguo ipo?"

"Ipo, mama."

"Usimpe mtu."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Nimeyageuza mara nyingi kichwani. Sijui ulimaanisha nisichelewe, au nisiwe na haraka.

Tulipokuzika, wiki iliyofuata nikamwandikisha Neema mafundisho ya kipaimara. Jumamosi asubuhi alikuwa kwa katekista, jioni alikuwa golini. Baba yake akawa anamtania kwenye simu, "Leo umetoka nusu gani ya neno?"

Sasa sikiliza. Mwezi wa sita timu yao ikashinda wilayani, ikashinda na mkoani, ikaambiwa iende Iringa kucheza na shule za mikoa mingine. Nilifurahi mpaka nikagawa maandazi bure. Siku ile ile katekista akatangaza kwamba askofu anakuja Jumapili. Nikauliza Jumapili ipi, akaitaja. Nikakaa chini.

Huko Iringa walikuwa wanacheza nusu fainali Jumamosi. Wakifungwa, gari linarudi jioni hiyo hiyo, na Jumapili asubuhi Neema anaoga, anavaa nguo yako, anasimama mbele ya askofu. Wakishinda, Jumapili ni fainali.

Katekista aliniambia kwa upole, "Askofu atakuja tena mwakani, Mama Neema. Amueni nyumbani." Baba yake akasema, "Muulize mwenyewe, ana akili huyo." Nikamkuta Neema mlangoni anafua glavu zake.

"Mimi nataka vyote, mama," akasema.

"Vyote haviwezekani."

Akakamua glavu moja, akaitazama. "Askofu ana watoto wengi. Wenzangu hawana kipa mwingine."

Halafu akaanza kulia, akauliza, "Lakini bibi?"

Nilimfunga kanga yako shingoni kwa ajili ya baridi ya Iringa, nikamruhusu. Nilimruhusu mimi, mama. Nataka ulisikie kutoka kwangu na siyo kwa mwingine.

Njia yao ilipita Mtera. Baba Neema alitoka kazini na nguo zake za saruji, akasimama kando ya barabara karibu na bwawa, ameshika furushi la samaki wa kukaanga la timu nzima. Dereva akapiga breki. Baba Neema akaniambia baadaye, "Nimemwona. Kakaa dirishani na kanga ya bibi, ananipungia kama mbunge." Alicheka, kisha nikamsikia anapenga kamasi, nikajua naye yamemfika.

Jumamosi ile nilipiga pasi nguo yako. Sijui kwa nini, mikono ilitaka kazi. Nikapiga magoti nikaanza, "Bwana, naomba Neema..." nikashindwa kumalizia. Nikiomba adake, anamkosa askofu. Nikiomba afungwe, mimi ni mama gani? Nikabaki hapo na sala iliyokatika kama simu yetu ile. Nikasema moyoni, mama, hii nayo imalizie wewe.

Simu ya mwalimu ililia jua likielekea kuzama. Nyuma yake kulikuwa na makelele, nikasikia vipande vipande. Wametoka sare. Wamepigiana penalti.

"Mama Neema, mwanao amefukuza ndege!"

"Amefanya nini, mwalimu?"

"Kila anayekuja kupiga, anampigia makofi na kelele, hooo-ya! Refa kamwonya. Yule wa mwisho kaanza kucheka, kapiga mpira chini, Neema kaulalia! Tumeshinda!"

Nilisimama katikati ya chumba, simu sikioni, namshukuru Mungu, na macho yangu yako kwenye nguo iliyonyooshwa kitandani. Machozi yakanitoka. Mama Zuhura akaingia mbio.

"Wamefungwa?"

"Wameshinda."

"Sasa unalia nini, Mgogo wewe?" Kisha akaiona nguo. Akasimama kando yangu, hakutania tena.

Jumapili nilikwenda kanisani na Baraka. Watoto walipita mmoja mmoja, weupe kama maua ya kahawa niliyoyaona kwenye kalenda. Katekista aliliruka jina la Neema, akanitazama, akainamisha kichwa kidogo. Mchana wakafungwa fainali, goli moja. Jumatatu akashuka kwenye gari amejaa vumbi, sauti imekauka, medali ya fedha fedha hivi imening'inia juu ya kanga yako. Kabla hajanikumbatia akauliza, "Bibi kakasirika?"

Nikamwambia tuingie ndani, aoge kwanza. Alipomaliza nikaitoa nguo msumarini, nikamvalisha. Nilitaka nimwone, basi, mara moja tu, kama ambavyo ingekuwa.

Mama, mwaka huu mtoto amerefuka. Sketi ya shule nimeishusha pindo, viatu amemwachia mtoto wa Mama Zuhura. Lakini nguo yako bado ilimshinda. Bega moja lilianguka. Mikono ilifika kwenye vidole. Pindo lilikuwa limebakiza kidogo tu kuachana na sakafu, kidogo kama upana wa kidole. Neema akajigeuza mbele ya kioo changu kilichovunjika, akajitazama, akasema kawaida kabisa, kama anayesoma lebo:

"Hii siyo ya mwaka huu, mama. Hii ni ya mwakani."

Nikakaa kitandani. Hukumpima, mama. Ulimwambia tu fundi wa kijijini, mjukuu wangu atakua, na fundi akakata. Nilidhani ulikosea ukubwa kama ulivyokosea neno. Sasa sina hakika tena kama uliwahi kukosea lolote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo tunasubiri. Neema amerudi kwa katekista, yuko darasa la sita na hesabu zinamsumbua, ila ameniahidi. Baba yake anamaliza kazi Mtera mwisho wa mwaka, na amesema siku ya askofu hata kama saruji haijakauka ataiacha. Mama Zuhura amekwisha kuanza kumnenepesha jogoo, anasema safari hii mumewe anoe kisu mapema. Na mimi, ambaye nilikuwa nikipita pale mlangoni nageuza uso, siku hizi asubuhi nikitoka na ndoo ya maandazi naigusa nguo begani, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Pumzika, mama. Uliniuliza swali moja tu nami nakujibu tena, mara nyingi mfululizo, ili moja lifike: ipo, ipo, ipo. Sijampa mtu.

Binti yako,
ambaye Chang'ombe nzima sasa inamwita Mama Kipa