Maana ya Kutia Moto Gari la Obiero

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Stockholm. Jumapili, 10 Januari 2010, saa 4:15 asubuhi.

Jina: Veneranda Kaijage. Umri: miaka 47. Makazi: Tensta. Kazi: fundi umeme wa magari. Afande ameuliza kama ninasafisha ofisi Kista. Ndiyo, mshahara naupata huko. Lakini ufundi nimeufanya Mwanza miaka kumi na minne, kwa hiyo iandikwe fundi.

Mnamo Ijumaa tarehe 8, saa 10 jioni, Melchior alinipigia simu. Ni Mrundi, jirani yangu wa ghorofa ya pili. Rafiki yetu Obiero yuko Kisumu, amekwenda kumzika baba yake, na ufunguo wa gari alimwachia Melchior. Melchior alisema, "Dada, hii gari inakataa. Haitoe hata sauti." Alikuwa ameshapata waya za kuazima umeme kwenye gari lingine. Nikamwambia asiguse kitu mpaka nifike.

Baridi ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Nilipima betri nikakuta volti kumi na moja na kidogo, na ubavu wake umevimba. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ile, ila iliyoisha inaganda kama maji ya ndoo. Ukiichaji ikiwa barafu inaweza kukupasukia usoni. Nilifungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, nikaibeba hadi bafuni kwangu iyeyuke taratibu. Wenye magari hapa wanaambiwa hivyo hivyo kila mwaka, na hawakamatwi.

Jumamosi nilikagua nyufa, sikuona. Nikasugua vichwa vyake kwa maji ya moto na magadi, nikaichaji polepole mchana kutwa. Jioni Melchior aliniletea ujumbe wa simu: "Dada kesho saa moja asubuhi natia gari ya Obiero moto."

Nimesomewa tafsiri yenu. Inasema Melchior alipanga kuchoma gari. Mkalimani wenu wa simu anajua Kiswahili, sikatai, ila hajawahi kushinda gereji. Kwetu mafundi betri iliyoisha haina moto. Ukiichaji umeitia moto. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na aliyelala mahabusu kwa kiza hicho si mkalimani, ni Melchior. Ingawa hayajatimia hata masaa manne tangu mmkamate leo asubuhi, kwangu ni kulala.

Melchior hakuzaliwa na neno hilo. Nilimfundisha mimi, na nilicheka alipolisema kwa mara ya kwanza. Leo silicheki. Nyumbani kwao Burundi aliona nyumba zikichomwa kweli, na mmemkalisha chumbani mkimuuliza kuhusu moto. Nina hasira, na naomba neno hasira liandikwe kama nilivyolitamka.

Leo saa moja alikuwa pale maegeshoni, boneti wazi, waya mkononi, na chupa ya dawa ya kuyeyusha barafu ya vioo. Mpita njia akawaita ninyi polisi. Yeye mwenyewe aliwapa simu yake msome, maana hakuwa na la kuficha. Mimi nilichelewa dakika ishirini na tano. Betri ina kilo kumi na nane, niliivuta kwenye sleji juu ya theluji. Nilipofika mlikuwa mmeshamchukua, nikakuta boneti bado wazi. Ningewahi, mngetukuta wawili.

Betri hiyo hapo mezani kwako, afande. Ipimeni. Namba zake ziko kwenye kitabu cha gari. Kama kusema kutia moto ni kosa, mkosaji wa kwanza ni mimi, nifungieni alipo yeye.

Nimesomewa haya kwa Kiswahili. Ukurasa wa pili umerudia neno kuchoma. Siweki sahihi mpaka lifutwe.

Limefutwa. Niliyoyasema nimeyaona na kuyafanya mwenyewe, na nayasimamia.

(Sahihi) V. Kaijage

Maelezo ya afisa: Neno limesahihishwa na mkalimani Wanjira, aliyekuwepo chumbani, si yule wa simu. Namba za betri zimelingana. Shahidi aliambiwa saa 5:10 kuwa yuko huru kwenda nyumbani. Alijibu kwamba atakwenda na Melchior. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, akakataa kahawa mara mbili. Saa 8:40 waliondoka pamoja.

Inspekta K. Hedvall