Asali kwenye gia

Ipuli, Jumamosi

Na nilimsema mbele ya mama yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Tangu shemeji Masanja aazime gari kwenda Nzega, asubuhi nikiwasha linakaa kimya, mchana linawaka bila shida. Jumapili iliyopita, tukila kwa mama mkwe, nikatamka: "Masanja ndiye kaniharibia gari." Aliinama, akaendelea kula.

Leo asubuhi limegoma tena. Masanja mwenyewe akaniletea fundi. Betri nzima, stata nzima. Kisha fundi akatikisa mkono wa gia.

"Dada, gia haiingii mpaka mwisho kwenye P, ndiyo maana haliwaki."

Akafungua kifuniko cha gia. Asali! Imeganda kwa baridi. Mchana jua likikolea inalainika, gia inaingia, gari linawaka.

Ni asali ya mizinga ya Masanja, ya kunishukuru kwa gari. Niliweka chupa yake hapo pembeni ya gia bila kukaza kifuniko, nikapita kwenye tuta, ikamwagika. Nikafuta ya juu tu. Alipouliza kama ni tamu, nikasema tumeimaliza.

Leo aliitazama, akanitazama. Nilingoja anitukane. Akaomba maji ya moto na kitambaa, akaanza kufuta.

"Nitakuletea nyingine, shemeji."

Afadhali angenitukana.

Kesho tunakula tena kwa mama mkwe, watu walewale. Mungu anipe mdomo uleule niliokuwa nao Jumapili iliyopita.