Muuaji wa Gunia na Kikohozi cha Baba Mkwe

Mama Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na ninakuomba usicheke kabla sijafika mwisho, kwa sababu hapa Rubaya wote wamekwisha kucheka, na mimi mwenyewe ndiye niliyewachekesha, na sasa kicheko kimenifuata mpaka nyumbani kwa mkwe. Jina langu naomba lifichwe.

Mimi ni mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, hapa Rubaya nina duka la sabuni, chumvi na betri, na nyuma ya duka nina ukumbi wa video, yaani mbao, turubai, mabenchi na jenereta moja yenye pumu, na wachimbaji wa koltani wakishuka kilimani wanakuja hapo kukaa na kuogopa. Wenzangu wanaonyesha mateke na mpira, mimi hapana, mimi tangu utotoni ni mtu wa filamu za kutisha, na si zile kubwa zenye sifa, zangu ni zile yatima, zilizotengenezwa na watu ambao pesa ziliwaishia katikati ya kazi, na hapa Mama nivumilie kidogo, kwa kuwa watu hawazielewi filamu hizi na jambo hilo linaniuma karibu sawa na la mkwe.

Filamu ya pesa nyingi inakuonyesha jitu zima, meno, mate na kucha, na ukishaliona mara mbili umelizoea kama mbuzi wa jirani. Filamu maskini haina pesa ya jitu, kwa hiyo inakuonyesha mlango, mlango tu, mtu anautazama na wewe unautazama, na hofu unajitengenezea mwenyewe bure. Ninayo moja ya mjane na kisima chake, muda mrefu hakuna kitu ila kamba inayotikisika, na wachimbaji, watu wanaoingia ndani ya mlima kila asubuhi bila kuuliza, walikuwa wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Ninayo nyingine ya mtu anayepanga foleni posta na nyuma yake kuna mtu anapumua, basi, ndiyo filamu nzima, wateja walidai niwawekee mateke, lakini mimi nitakufa nikisema kwamba filamu ile ilidharauliwa. Na kuna ile ambayo waigizaji waliwaishia watengenezaji, dada aliyeuawa mwanzoni anarudi baadaye akiwa mtu mwingine mwenye kofia, ukumbi mzima ukapiga kelele "Mufu amerudia", ikanibidi niwaambie kwamba ni pacha wake. Na wale wanaosema wasichana wa filamu hizi ni wajinga kwa sababu wanatoka nje kuangalia kinacholia, mimi nawauliza, mbuzi wako akilia gizani wewe unabaki kitandani?

Samahani, narudi kwenye tatizo.

Filamu hizo zinasema lugha za mbali, kwa hiyo mimi nakaa pembeni na mikro, yaani kipaza sauti, natafsiri, na kila mtu nampa sauti yake, mzee sauti ya mzee, msichana sauti ya msichana, na watu wanasema nina kipaji. Usinidhanie shujaa kwa ajili hiyo. Siku risasi ziliposikika upande wa juu filamu ikiendelea, kabla mteja yeyote hajainuka mimi nilikuwa tayari chini ya magunia ya maharagwe, na kwa bahati mbaya mikro ilikuwa bado mkononi, basi mtaa mzima ukanisikia kwenye spika nikimwita mama yangu kwa Kinande, lugha ya kwetu.

Filamu ninayoipenda zaidi, baada ya ile ya kisima, ni ya mpishi wa hoteli anayewaua wageni akiwa amevaa gunia kichwani. Damu yake ni mafuta ya mawese, mtu yeyote wa Walikale, kunakotoka mawese, ataitambua, na gunia lenyewe mara lina chapa ya unga, mara ya sukari. Muuaji huyo hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi, Mama, mtu akinyamaza mbele ya mikro yangu naona kama nimewapunja wateja, basi nikampa sauti, na sauti niliyompa ni ya Papa Sebarenzi.

Papa Sebarenzi ni mkulima wa maharagwe hapo kilimani, mkubwa katika kanisa lao, na ni baba yake Noëlla, niliyemposa. Wewe unajua kwamba tangu vita vianze hakuna mtu mwema wa huku anayeingia uani kwa watu ghafla, anakohoa kwanza akiwa bado mbali, halafu anasema neno, ili walio ndani wamtambue na wasikimbilie migomba. Papa Sebarenzi anakohoa vizuri kuliko wote, kikohozi kirefu chenye heshima zake, kisha anasema polepole, "Amani kwa benye nyumba, niko peke yangu." Basi kila mara muuaji wa gunia alipofika mlangoni, mimi kwenye mikro nilikohoa kile kikohozi, nikasema, "Amani kwa benye nyumba, niko peke yangu," na shoka likashuka. Mama, sijawahi kupata mafanikio kama yale. Watu walianguka kwenye mabenchi, wakaomba irudiwe, na mimi nikawaza mzee ni mtu wa kanisa, hatakanyaga ukumbi wangu, hatajua.

Nilisahau kwamba wateja wangu wana midomo. Kwanza watoto walianza kuvaa magunia na kukohoa njiani. Kisha kwenye matanga ya jirani mzee akasimama kusali, akasafisha koo, na vijana nyuma wakaangua kicheko, marehemu yupo pale pale. Kisha kwenye kizuizi cha barabarani, wale vijana wenye bunduki wakamzuia wakamwambia, "Muzee wa mufuko, kohola tusikie," wakamkohoza mpaka wakachoka, ndipo wakamwachia apite.

Baada ya hapo Noëlla akaja dukani, hakukaa.

"Katembo," akasema, "Papa hakoholake tena."

Nikasema labda amepona kifua.

"Usinichekeshe. Jana aliingia kwa Mama Mukandori kimya, mule jikoni, jua likizama. Mama Mukandori alizani ni bale bantu ba bunduki, akanyanyua mutwangio. Kama mukono haukusita, leo tuko nalia kilio."

Nikampa sabuni. Sijui kwa nini nilimpa sabuni. Akaiweka juu ya meza akasema, "Niko na ujumbe kwako. Papa anasema, mbele ya kuongea mambo ya ng'ombe, anataka kwanza aone ile filme yenye iko ndani yake." Akaenda.

Mama Mshauri, siku ya kupeleka mahari imekaribia, baba yangu mdogo amekwisha kutoka Butembo na yuko njiani, na mimi nampenda Noëlla, nampenda kweli, hata kuliko ile ya kisima. Je, nimwambie mzee filamu imeharibika? Au nimwonyeshe huku nimezima mikro, aone muuaji yuko kimya, na niape kwamba watu wamenisingizia? Au nirudi kwetu mapema nikaugue? Nifundishe, lakini kwa upole.

Mpenda filamu yatima, Rubaya

JIBU LA MAMA KASWERA

Katembo, umeomba jina lako lifichwe na umeliandika mwenyewe ndani ya barua. Nimeliacha, kwa sababu kwenu kila boma lina Katembo wake. Jina la mzee nimelibadilisha mimi, na la binti yake, na la jirani mwenye mchi, na wewe ulipaswa kufikiria jambo hilo kabla yangu.

Nimecheka. Siwezi kukudanganya, ulipofika chini ya yale magunia ya maharagwe nilicheka mpaka fundi mitambo wa redio yetu akanitazama. Lakini nilipofika jikoni kwa yule mama niliiweka barua mezani nikatoka nje kidogo. Mwanangu, unaandika ukurasa mzima juu ya kamba ya kisima, na mzee anayekaribia kupasuliwa kichwa unampa mistari michache. Umeomba upole, huu hapa: wewe si mbaya. Wewe ni mtu aliyependa kupigiwa makofi, na makofi yanaziba masikio.

Sikiliza ulichokifanya. Huku kwetu watu wamechukuliwa ng'ombe, mashamba, na wengine watoto. Mtu mwema amebakiwa na nini cha kumtenganisha na mwizi anapofika mlangoni kwako? Amebakiwa na kikohozi. Huyo mzee, kila jioni, alikuwa anawapa majirani zake pumzi ya kusema, "Ah, ni yeye, tukae." Wewe ukakichukua kikohozi hicho ukamvisha muuaji, mbele ya vijana wa kila kilima na kila kabila, katika miaka ambayo mtu anauawa kwa kufanana tu. Leo ni utani. Kesho mlevi mmoja mwenye bunduki atasahau filamu inaishia wapi. Nani atamwambia kwamba ile damu ilikuwa mawese?

Na jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba wewe ulijua. Umenifundisha wewe mwenyewe, kwa barua ndefu, kwamba filamu maskini inatisha kwa sababu ya kile isichokionyesha. Nimekuamini, nikajisemea huyu kijana ana jicho. Kisha wamekuletea muuaji aliyenyamaza tangu mwanzo hadi mwisho, zawadi kubwa kwa mtu wa dini yako, na wewe ukashindwa kumwacha anyamaze. Wale maskini waliotengeneza filamu wangekuwa huku, nao wangekudai fidia.

Sasa usiugue, usikimbie, na usiseme filamu imeharibika. Uongo huo hata mtoto mwenye gunia kichwani ataukataa. Na ile hila ya kuzima mikro na kuapa, itoe kichwani leo hii, maana kiapo cha uongo mbele ya baba mkwe hakifutwi hata kwa ng'ombe wa kwenu wote.

Msubiri baba yako mdogo afike, umweleze yote kabla hajala. Atakutukana, nyamaza. Kisha mchukue, bebeni kasiksi nzuri, ile pombe ya ndizi, mwende kwa mzee bila kutaja mahari hata kidogo, kwa sababu mtu haombi mke kwenye nyumba ambayo bado anadaiwa heshima. Mkifika mbali na ua, wewe Katembo ukohoe. Kwa kikohozi chako mwenyewe, hicho chembamba cha mwenye duka. Useme jina lako, usubiri kuitwa. Ukae nje hata kama jua linawaka, hata kama mvua inanyesha, mpaka sauti ya mwenye nyumba ikukaribishe, na ukisubiri utaelewa kidogo ulimnyang'anya nini.

Ndani, sema ulichofanya kwa kinywa chako, usimwachie baba mdogo asemee. Mwambie mzee kwamba filamu ataiona akitaka, na kama anataka kuiona pamoja na watu wote, benchi la mbele ni lake. Huenda akakataa, huenda akaja, mimi simjui. Ila anayetaka kuiona filamu "yenye iko ndani yake" si mtu aliyefunga mlango. Angetaka kuufunga angemtuma Noëlla na neno fupi zaidi.

Vijana wa kizuizini usiwafuate kuwaelimisha, utaongeza kuni. Kicheko kinyimwe chakula tu, kitakufa. Na chakula chake kinatoka kwenye mikro yako, kwa hiyo Jumapili ijayo, baada ya Misa, weka filamu hiyo hiyo. Watajaa. Muuaji akifika mlangoni, watakungoja ukohoe. Usikohoe. Acha ukumbi wote umsikie akiwa kimya, kama walivyomtengeneza, uone kama mabenchi hayatatetemeka.

Lakini wamezoea kucheka, na kazi yako ni kazi, basi wacheke. Kuna mgeni wa kwanza anayeuawa, yupo katika kila filamu ya namna hiyo. Mpe huyo sauti yako. Shoka likiinuka, ajifiche chini ya magunia ya maharagwe na amwite mama yake kwa Kinande. Rubaya wanaijua sauti hiyo, na haitamletea mtu yeyote matatizo isipokuwa wewe mwenyewe.

Na Noëlla mpelekee neno, usimpelekee sabuni. Mungu akipenda mkaoana, siku moja mtakuwa mmekaa ndani, jua limezama, mtasikia kikohozi kirefu huko nje, chenye heshima zake. Wewe ndiye utakayeinuka kumfungulia.