Kidole Bila Wino

Jumamosi, 18 Aprili

Mlango umegongwa! Tangu nihamie mtaa huu wa Shard End hakuna amewahi kunigongea, hata kwa kupotea njia. Mama mzungu, Brigid, wa kampeni. Serikali ya London inataka jiji liuze maktaba yetu. Chama chake kinakataa, wapinzani wao wako na London. Kiti cha diwani wa hapa ndicho kitaamua. Nikamwambia mimi mgeni, sipigi kura. Akasema pole, akaenda. Si ningemkaribisha chai! Mjinga mimi.

Na hiyo maktaba — ndipo nimejifunza koding, kuandika programu, peke yangu, kwa kompyuta ya karibu na hita. Gurmeet wa kaunta huniita Ronny. Kazini, kule Tyseley, hakuna anajua jina langu, isipokuwa Abdiweli.

Jumatatu, 20 Aprili

Abdiweli, Msomali wa Eastleigh kule kwetu Kenya, amenicheka mpaka akakaa chini. We buda, Mkenya anapiga kura hapa! Sisi ni Commonwealth, Jumuiya ya Madola! Umekaa tu miaka yote kama mzigo? Na leo ndio mwisho wa kujisajili!

Nikakimbia maktaba. Gurmeet akanionyesha pa kubonyeza. Nimejisajili!! Nilitaka kuambia mtu. Nikaambia sufuria ya ugali.

Jumatano, 6 Mei

Nje ya maktaba watu wa vyama wanarushiana maneno. London imetubana! Wapi, nyinyi wa jiji ndio mmefuja pesa! Gurmeet anapanga vitabu tu. Nikamuuliza wakiuza ataenda wapi. Akachukua kitabu kingine, akakipanga. Hakuniangalia.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya kura! Niliamka kabla ya jua. Jaketi mbili, chapati, chai kwa thamosi — ya foleni. Foleni gani! Mimi na paka.

Wakafungua kituo. Mzee mmoja, Baldev, akaangalia pasipoti, akanipa karatasi. Na penseli! Nikaweka alama, nikatumbukiza. Halafu nikasimama mbele yake, nimemnyooshea kidole cha mwisho cha kushoto. Nangoja wino, kama nyumbani.

Akakiangalia. Kisha akaushika mkono wote, polepole, vile watu hushikana matangani. Asante kwa kuja, kijana, akasema.

Nikajua hakuna wino. Sikutoa mkono.

Sasa ni jioni, niko maktaba, naandika hii kwa ile kompyuta ya karibu na hita. Matokeo ni kesho. Gurmeet ameniuliza kutoka kaunta, umepiga? Nimeinua kidole — safi kabisa. Hajaelewa, lakini amecheka. Ameanza kuzima kompyuta za upande ule. Moja moja. Anakuja huku —