Meza ya Watu wa Busia

Baba,

Nimeingia chama. Najua ungetaka kusikia hilo kabla ya masomo, maana wewe ndiye uliyeniambia, "Chuoni usikae peke yako kama gogo." Sijakaa peke yangu. Na leo nina maringo kidogo, univumilie.

Ila nianze na nyumbani. Siku ya tatu baada ya kukuzika, ukoo ulikaa pale Mundika kuwanyoa watoto wako, kama ilivyo desturi ya msiba. Senge, dada yako, aliziangalia nywele zangu zile za kufika kiunoni, akasema kwa upole, "Huyu mwacheni tu na nywele zake." Hakuwa na ubaya, Baba. Lakini maneno yale yaliniuma kuliko udongo ulipokufunika. Kama sinyolewi, basi mimi ni nani wako? Nilienda nikaketi kwenye mkeka mbele ya wadogo zangu, nikainamisha kichwa. Mzee mwenye wembe akasita, akamtazama Mama, kisha akasema, "Wa kwanza ni wa kwanza." Akaanza na mimi. Nililia sana, na si kwa huzuni peke yake.

Kwa hiyo nilifika chuoni nywele zikiwa ndo zinachipuka. Siku ya vyama, kila chama kiliweka meza yake uwanjani. Wasichana wa chama cha Wahindi waliniita nikiwa bado mbali, "Dada, njoo, meza yako ni hii," wakanipa na kiti. Ni watu wazuri, sitawasema vibaya. Pale hakuna aliyeniuliza swali, sura yangu ilikuwa imeshajibu. Niliona raha, halafu raha yenyewe ikaniogopesha. Sura hiyo ni ya yule mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka aliyemwacha Mama na mimba, mtu ambaye hata sauti yake siijui. Mimi nilitaka kuandikwa kwa jina lako.

Nikakukumbuka pale mpakani Malaba, umenibeba mabegani huku ukizungusha karatasi za forodha za malori kutoka ofisi hii hadi ile. Madereva walipenda kukuchokoza: "Boss, huyu Mhindi umemtoa wapi?" Nawe hata hukuinua macho. "Nimemtoa kwangu." Basi, ukaendelea na karatasi zako.

Nikawashukuru wale wasichana, nikaenda meza ya wanafunzi wa Busia. Kijana aliyekuwa akiandikisha akanipima kwa macho, juu hadi chini. "Sister, hii ni ya watu wa Busia."

Nikamjibu kwa Kikhayo, lugha yetu ya nyumbani, tena kile chako cha kuvuta maneno. Nikataja jina lako, la babako, na la babake. Kijana akaiweka kalamu mezani. Msichana aliyekaa nyuma yake akainuka. "Ngoja. Si huyo ni yule mzee wa karatasi pale Malaba? Baba yangu ni dereva, na huyo mzee alikuwa anamsaidia sana akikwama kwa border. Kumbe wewe ndio msichana wake?"

Ndiye mimi, nikasema. Sikutaja habari ya baba wa kambo. Wewe mwenyewe hukuwahi kuitaja, hata siku ulipokuwa umenikasirikia.

Natamani ungekuwepo uone walivyosogea kunipa nafasi. Nilijivuna, Baba. Nilijivuna mpaka nikasahau kuvaa ile sura yangu ya msichana mpole unayoijua. Na wiki jana walinichagua niwe katibu, mimi ambaye karibu nifukuzwe pale mezani.

Senge alipiga simu jana. Nilipomweleza, akaniita kwa jina la mama yenu, lile ulilonipa. Mama anaendelea vizuri, wadogo zangu wanasoma.

Pumzika sasa, Baba. Mwaka ujao mimi ndiye nitakayekaa pale mezani kupokea wageni. Nakuahidi, atakayekuja, awe na sura yoyote ile, nitampa kalamu kabla ya kumuuliza lolote.

Binti yako,
Nekesa