Nyayo za Brenna Barazani

Dada Marlys,

Mahindi yamekomaa, na paka amezaa watatu. Kesho naanza kifungo changu cha miezi sita. Hakimu aliniambia, "Mama, uliwapa watoto wa miaka kumi na saba bia nyumbani kwako." Nilidhani wakinywea kwangu watakuwa salama. Brenna, rafiki wa Tessa wangu, alitoka amelewa akazama ziwani.

Tessa naye amenyang'anywa leseni ya udereva kwa kunywa bia kabla ya umri unaoruhusiwa. Kila asubuhi nakuta nyayo zilizolowa zikitoka ziwani hadi mlangoni. Jana nilimuuliza ni za nani.

"Si Brenna huyo, mama! Anasikia baridi. Anauliza mbona humfungulii."

Njoo ukae na mwanangu, dada. Usimwache afungue.

Mdogo wako,
Corinne