Kesho Gilbert Yuko Golini

Mshauri wangu mpendwa wa redio, ni mimi Mama Shekinah, nisaidie, wacha niendelee kwa barua pale simu ilikatika jana tukiongea, nilikuwa nimefika pale kijana anatapika. Huyo kijana ni Gilbert, mtoto wa dada yangu Kemunto, kipa wa timu ya kwetu Nyamira, kale kamji ketu ka majani chai, na juzi kwa semi fainali fowadi mmoja mkubwa kama gunia alimgonga kichwa na goti, akalala, akaamka, akadaka penalti, watu wakambeba juu juu. Sasa tangu hiyo siku anatapika, anaona mipira miwili, akienda kuchuma chai jua linamuumiza macho, na dada yangu akanipigia analia, akaniambia, "Wewe na huo mdomo wako, hii usiambie mtu, sana sana Zadock," kwa sababu Zadock ni bwanangu na ndiye mwenyekiti wa sisi mashabiki wa huku Minnesota, Marekani, akijua, kocha amejua, na kesho kwa fainali kunakuja watu wa timu kubwa ya Nairobi kumwangalia Gilbert, asipocheza atazeekea kwa chai. Na mimi kazi yangu ni kuangalia wazee kwa nyumba ya wazee hapa Fridley, mshauri, mzee akigonga kichwa kidogo tu hatumwachi peke yake, kwa hivyo najua, na silali, na vile mtaa wetu wa Brooklyn Park wote unanijua siwezi kuweka siri, hata mimba ya rafiki yangu Nkirote niliitangaza kabla bwanake ajue, tukacheka sana, lakini hii ikitoka Kemunto amesema mimi si dadake tena, sasa ninyamaze ama... ngoja, Zadock ananiita, ati watu wa kuchukua jezi za mashabiki za kesho wamefika, nashuka

Mama Shekinah,

Pole, najua hulali. Lakini wacha nikuchape kidogo. Mimba ya Nkirote haikuwa yako kutangaza, ukatangaza. Siri ya mtoto anayeona mipira miwili ndiyo unafungia kabatini? Na umeileta kwa nani, mtu wa redio. Mama, wewe hukutaka ushauri, ulitaka mtu akusemee. Sitakusemea.

Kemunto si mbaya, anaogopa tu. Lakini goti lingine kwa hicho kichwa, hao watu wa Nairobi watamwona akibebwa.

Mpigie Kemunto kwanza, umwambie unachoenda kufanya, asisikie kwa majirani. Atakutukana, usimjibu. Halafu mpigie kocha wewe mwenyewe. Kule sasa ni jioni, hajalala. Gilbert apelekwe hospitali leo, na kesho asikanyage uwanja. Zadock na jezi zake watangoja.

Barua yako siisomi hewani mpaka uniambie umepiga.

Imesomwa hewani wiki moja baadaye. Gilbert hakucheza, na macho yameanza kutulia. Kemunto bado hapokei simu.